Fisi Hakuchagua Pua Yake

Hadithi ya fisi kwenye njia panda tunaijua wote. Fisi ananusa nyama. Harufu inatoka njia ya kulia, inatoka na njia ya kushoto. Anashindwa kuchagua, anatia mguu mmoja huku na mmoja kule, anaendelea hivyo hivyo mpaka anapasuka msamba. Watoto wanacheka, bibi anafunga hadithi kwa funzo: tamaa mbele, mauti nyuma. Nimeisikia kwa Kisambaa, kwa Kizigua na kwa Kiswahili, na sijapata kumsikia mtoto hata mmoja akiuliza: ile pua fisi alipewa na nani?

Ndilo swali ninalotaka tulikalie leo. Tunapomwita mtu mlafi, tunamlaumu kwa kitu alichokifanya, au kwa kitu alichozaliwa nacho? Na tunapomsifu mwingine kwamba "ana kiasi", "hana tamaa ya chakula", tunasifu tabia njema, au tunasifu bahati? Msomaji usiharakishe kujibu. Ukisema ni tabia tupu, una kesi ya kujibu mbele ya sayansi. Ukisema ni urithi mtupu, una kesi nyingine, na hiyo ni ngumu zaidi.

Kiswahili chenyewe kimeshatoa hukumu zamani. Tuna mlafi, mroho, mpenda tumbo, mdokozi. Hakuna neno la huruma kwa mtu ambaye njaa yake ni kubwa kuliko ya wenzake. Hata fasihi yetu ina mazoea hayo ya kumpa mtu jina la sifa moja na kumfungia humo. Shaaban Robert, mwana wa Vibambani kule Tanga, katika *Adili na Nduguze* aliwapa ndugu watatu majina ya Adili, Hasidi na Mwivu. Ukishaitwa Hasidi, utafanya nini tena zaidi ya kuhusudu? Katika hekaya ni sawa, hekaya inataka funzo. Ila nyumbani kwetu tunawafanyia watoto wa kweli vivyo hivyo. Mtoto wa miaka minne anaomba kipande cha tatu cha muhogo, anabatizwa "Tumbo". Jina linamfuata mpaka anaoa.

Nina wapwa wawili huko Kwashemshi, upande wa Korogwe, kwenye nchi ya mkonge. Mama mmoja, baba mmoja, chungu kimoja. Mvulana alikuwa anakula makande mpaka sahani inang'aa, halafu macho yanahamia kwenye sahani ya mwenzake. Alichapwa kwa kulamba sukari, alichapwa kwa kudokoa nyama ya wageni, na siku moja msibani mzee mmoja alisema mbele ya watu kwamba huyu ataimaliza familia. Watu wakacheka. Dada yake alikuwa kinyume chake. Matonge matatu ya bada, anasema nimeshiba, anatoa vyombo. Huyo alisifiwa mno. "Mtoto ana adabu huyu, hana uroho kama kaka yake." Alipoingia sekondari ya bweni zile tonge tatu zikawa mbili, kisha moja. Alifunga siku za kufunga na siku zisizo za kufunga. Sifa ziliendelea. Zilikoma siku aliyoanguka kwenye mstari wa asubuhi.

Wakampima malaria, wakampima taifodi, wakampima na ile nyingine ambayo msichana akianguka huwa anapimwa. Hakuna kitu. Wengine wakasema karogwa. Nilimuuliza mwenyewe kwa upole, kwa nini anajikataza. Akanijibu: "Mjomba, mimi sijikatazi. Chakula kinanikataa chenyewe."

Sentensi ile imenifanya nisome mambo ambayo kwa kawaida mtu wa vitabu vya hadithi hayasomi.

Tuanze na panya. Mwaka 1950 watafiti wa maabara ya Jackson, Marekani, waliripoti habari za panya aliyenenepa kupita kiasi, asiyeacha kula, na hali hiyo alirithi. Kwa miaka mingi Douglas Coleman wa maabara hiyo aliwaunganisha panya wa namna hiyo na wenzao ili washirikiane damu, na akaonyesha kwamba kuna kitu ndani ya damu kinachouambia ubongo "basi, inatosha". Kitu chenyewe kilipatikana mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake walipoigundua jeni yake mjini New York. Ni homoni inayotengenezwa na mafuta ya mwili, nayo ikaitwa leptini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Mafuta yakiwa mengi, leptini hupanda. Yakipungua, nayo hushuka, na ubongo unapiga kengele ya njaa.

Hao ni panya, utasema. Haya, tuje kwa watu. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, akiwemo Sadaf Farooqi na Stephen O'Rahilly, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja wenye asili ya Pakistani. Mmoja alikuwa na miaka 8 na kilo 86. Binamu yake alikuwa na miaka 2 na kilo 29. Walizaliwa na uzito wa kawaida, lakini njaa yao haikuwa na mwisho. Jeni yao ya leptini ilikuwa na kosa dogo, kama herufi iliyoanguka katika neno, na mwili haukuweza kutengeneza homoni yenyewe. Yule mkubwa alipochomwa sindano za leptini, ndani ya mwaka mmoja alipungua zaidi ya kilo 16. Hakufundishwa adabu mpya, wala hakuchapwa. Alipewa tu kitu ambacho wewe na mimi tumezaliwa nacho bure.

Hebu fikiria watoto hao wangezaliwa katika kijiji chochote cha kwetu, miaka hamsini iliyopita. Wangeitwa nani? Wangechapwa mara ngapi?

Miaka miwili baadaye, 1999, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani waligundua homoni ya upande wa pili, ghrelini, itokayo hasa tumboni. Hiyo hupanda kabla ya chakula na kushuka mtu akishakula. Ni mbiu ya njaa. Kwa hiyo yale matumbo "yanayolia" tunayoyataja kila siku yana msemaji kweli, na sauti yake hailingani kwa watu wote. Mwaka 2007 ilijulikana kwamba watu wenye nakala mbili za aina fulani ya jeni iitwayo FTO huwa wazito kwa wastani wa kilo 3 hivi kuliko wasio nayo kabisa. Baadaye ikaonekana kwamba kwao ghrelini haishuki vizuri baada ya mlo. Yaani amekula sahani ile ile uliyokula wewe, wewe mbiu imenyamaza, yeye bado inapigwa. Halafu wewe ndiye unayemhubiria kiasi!

Sasa twende kwa binti. Ugonjwa wa kujinyima chakula, anoreksia nevosa, kwa muda mrefu ulielezwa kama ulimbwende wa wasichana wa Ulaya wanaotaka kuwa kama picha za magazeti. Utafiti wa mapacha ukatia shaka. Pacha wa kufanana wanashirikiana hatari hii kuliko pacha wasiofanana, na makadirio ya sehemu ya urithi huwekwa karibu nusu au zaidi kidogo. Mwaka 2019 watafiti wa nchi nyingi walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya wagonjwa 16,992 wakilinganishwa na watu 55,525 wasio na ugonjwa. Walipata sehemu 8 za vinasaba zinazohusiana nao. Kilichonishangaza mimi ni kwamba urithi huo hauhusiani na magonjwa ya akili peke yake, kama wasiwasi na sonona. Unahusiana pia na namna mwili unavyotumia sukari na mafuta, zikiwemo insulini na leptini. Kwa maneno mengine, baadhi ya watu huenda wanaingia kwenye njaa wakiwa na mwili usiopiga kelele kama miili mingine.

Tusitie chumvi hapa. Hakuna jeni moja ya kujinyima. Watafiti waliotafuta kosa moja katika jeni ya ghrelini au ya leptini ili kueleza ugonjwa wote wamepata majibu yanayopingana. Ni jeni nyingi, kila moja inasukuma kidogo. Tena ghrelini ya mgonjwa aliyekonda sana kwa kawaida huwa juu: mwili unaita, ila kuna kitu njiani kinachozuia wito usifike, au ukifika unageuka hofu. Na ni lazima niseme hili pia: vinasaba hivyo 16,992 ni vya watu wenye asili ya Ulaya. Wa kwetu hawamo.

Kwa nini wa kwetu hawamo? Si kwa sababu sisi hatuna jeni za kuvutia. Utafiti uliochapishwa 2007 na Sarah Tishkoff na wenzake ulichunguza watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, ukaonyesha kwamba wafugaji wa huku walipata uwezo wa kunywa maziwa ukubwani kwa mabadiliko ya jeni tofauti kabisa na yale ya Wazungu. Mmasai wa Handeni na mfugaji wa Uholanzi wote wanameng'enya maziwa, kila mmoja kwa njia yake. Basi huenda na njaa yetu ina njia zake. Sababu kubwa ya kutohesabiwa ni kwamba ugonjwa huu tumeambiwa si wetu, nasi tumekubali. Mwafrika anaumwa kwa kukosa chakula, hawezi kuumwa kwa kukikataa. Eti.

Lakini mwaka 2004 Bennett na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wasichana 668 wa shule mbili za sekondari kaskazini mashariki mwa Ghana. Walikuta 10 ambao wembamba wao ulitokana na kujinyima wenyewe. Hawakuwa wakitaka kufanana na mtu wa kwenye televisheni. Walizungumza habari za dini na kuitawala nafsi. Nilipokisoma kile kijitabu nilimwona mpwa wangu amekaa pale. Ugonjwa ulikuwa umevaa kanzu ya uchamungu, na kwa sababu ya kanzu ile watu waliupigia magoti.

Hapo ndipo swali la maadili linapouma. Mvulana aliadhibiwa kwa njaa yake, msichana akatuzwa kwa kukosa njaa, na wote wawili hawakuichagua. Kwa mvulana hukumu yetu ilizaa aibu. Kwa msichana ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ilimsukuma pale pale alipokuwa anaanguka. Sifa inaweza kuua polepole kuliko fimbo, na hakuna anayeishtaki.

Sasa nisikie upande wa pili. Mtu atasema: wewe umeshawapa watu kisingizio. Kila mlevi atasema jeni, kila mwizi atasema homoni, dunia itakwisha. Na atauliza, kama ni urithi, kwa nini babu zetu hawakuwa hivi?

Jibu la kwanza ni kwamba urithi hauamui peke yake. Anne Becker alikwenda Fiji mwaka 1995, televisheni ilipokuwa ndiyo kwanza inaingia, akarudi 1998. Wasichana wenye alama za hatari katika ulaji walikuwa asilimia 12.7 mwanzoni na asilimia 29.2 mwishoni. Jeni za Fiji hazikubadilika kwa miaka mitatu, kilichobadilika ni picha zilizoingia sebuleni. Kwetu nako, mwaka 2007 Kamryn Eddy na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanawake wa Tanzania uliohusisha vyombo vya habari vya nje na ulaji wenye matatizo. Urithi ni mwinamo wa kilima, mvua inatoka kwingine. Kilima chenye mwinamo mkali hakiporomoki mpaka inyeshe, na mvua ile ile ikinyesha tambarare haina madhara.

Jibu la pili liko kwenye historia ya huku huku. Miaka ya 1830 njaa kuu iliipiga nchi ya Wazigua. Watu waliteremka pwani kutafuta chakula, wakapakiwa majahazini na kujikuta watumwa kusini mwa Somalia. Vizazi vyao vimeishi kando ya mto Juba vikisema Kizigua, na vita vya Somalia vilipowatawanya, baadhi yao walirudi hapa hapa mkoani Tanga, wakapewa makazi Chogo na baadaye uraia wa Tanzania. Je, kuna mtu mwenye akili timamu anayewalaumu wale wa kwanza kwamba waliuza uhuru kwa tamaa ya chakula? Hakuna. Tunajua kwamba njaa ikifika kiwango fulani, neno "kuchagua" linapoteza maana. Huko Minnesota, Marekani, mwaka 1944 hadi 1945, Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya waliojitolea. Baada ya miezi michache watu wazima hao walikuwa wakisoma vitabu vya mapishi kama riwaya na kuota vyakula, na waliporuhusiwa kula wengine walishindwa kuacha. Walikuwa vijana wa msimamo, waliokataa vita kwa dhamiri zao. Dhamiri haikuwaondokea. Njaa tu ilikuwa na nguvu zaidi.

Kama tunakubali hilo kwa njaa itokayo nje, ya ukame na nzige, kwa nini tunalikataa kwa njaa itokayo ndani? Tumbo halijui tofauti. Yule mtoto asiye na leptini yuko kwenye ukame wa maisha yake yote, wakati ghala limejaa.

Kuna hoja ya tatu, nayo naiheshimu zaidi. Kama hamu ya chakula ni ya kuzaliwa nayo, thamani ya saumu inakwenda wapi? Ramadhani na Kwaresima zina maana gani? Mimi naona maana yake inaongezeka. Watu wawili wamefunga siku moja, wakafuturu saa moja. Mmoja njaa yake ni mnong'ono, mwingine ni ngoma iliyopigwa kutwa. Kwa macho yetu wamefanya ibada ile ile. Kwa kweli mmoja amelipa shilingi, mwenzake amelipa ng'ombe. Kinachoondoka hapo ni haki yetu sisi ya kuwalinganisha. Anayejua bei ni aliyelipa, na Anayepokea. Tena dini yenyewe imeliona hilo zamani: mgonjwa ana ruhusa ya kula. Ambaye saumu inamla anapaswa kuambiwa hivyo bila kumfanya ajione amepungukiwa imani.

Na wale wanaosema wanene ni wavivu, wafike Eyasi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu wanazotumia Wahadza kwa siku, watu wanaotembea kutwa wakiwinda na kuchimba mizizi. Ukizingatia ukubwa wa mwili, walikuwa karibu sawa na Wamarekani wanaokaa ofisini. Mwili una hesabu zake, haufuati mahubiri yetu ya jasho.

Leo kuna sindano zinazoiga homoni za shibe, semaglutidi na wenzake, na wanaozitumia wanasimulia jambo moja: kelele za chakula kichwani zimenyamaza. Mtu aliyeitwa mroho miaka thelathini anachomwa, uroho unatoweka ndani ya wiki chache. Kama dhambi inaweza kuondolewa na mfamasia, huenda haikuwa dhambi. Ila tahadhari: dawa hizo mikononi mwa msichana kama mpwa wangu ni kumpa anayezama jiwe.

Basi maadili yanabaki na kazi gani? Inabaki kubwa, ila inahama. Inatoka tumboni mwa mtu inakuja mezani, kwenye mkeka, mahali tunapokula pamoja. Hatuna mamlaka juu ya njaa ya mwenzetu, lakini tuna mamlaka juu ya maneno yetu, juu ya nani anapakuliwa kwanza na nani anasubiri ukoko, na juu ya kuuliza kabla ya kuhukumu. Mvulana bado atafundishwa asichukue nyama ya mwenzake, kwa sababu nyama ni ya mwenzake. Hilo ni fundisho la haki na linamwezekana. Kumfundisha asione njaa haliwezekani, na kumchapa kwa kuiona ni dhuluma. Anaweza kuongezewa maharage na maji kabla hajaanza kudokoa, bila hotuba.

Kwa msichana, aliyefanya kazi alikuwa bibi yake. Alimrudisha nyumbani, akakaa naye jamvini kila asubuhi na bakuli mbili za uji. Hakumsifu alipomaliza, hakumgombeza alipobakisha. Alikunywa wa kwake taratibu, akizungumza habari za mbuzi na mvua, na hakuondoka mpaka binti aondoke. Ilichukua miezi mingi, na bado kuna siku mbaya. Bibi huyo hajasikia habari za ghrelini, na fisi wa njia panda amemsimulia mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nilimuuliza kwa nini hamhimizi mtoto ale. Akasema, "Nimhimize nini? Njaa si yangu. Uji ndio wangu."